Kumi, dazeni, kumi na tatu au korija: ufunge bidhaa zako kwa idadi ipi?

Kila anayeoka nyumbani hufikiwa na siku hiyo. Mwenye genge anayechukua skonzi zako anakwambia, "Kesho niletee, ila uzifunge kabisa, mie sina nafasi ya kuhesabu moja moja." Unarudi nyumbani na mifuko yako ya kaki, unaikunjua mezani, halafu unakwama. Uweke kumi? Uweke dazeni? Uongeze moja juu ili akupende? Au ufunge ishirini ishirini upunguze gharama ya mifuko?

Mimi nimebadilisha idadi ya mfuko mara tatu. Nilianza na kumi, kwa kuamini kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuilalamikia kumi. Haukupita muda mama mmoja jirani, mteja wangu wa kila asubuhi, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Nina watoto wanne. Kila mmoja nikimpa mbili, hizo mbili zinazobaki nimpe nani nisilaumiwe?" Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia hizi idadi zilitoka wapi na kila moja ilitengenezwa kwa kazi gani. Hakuna iliyookotwa njiani. Kila moja ilimtumikia mtu fulani, na ukimjua mtu huyo unajua kama yuko miongoni mwa wateja wako.

Nitalinganisha nne: kumi, dazeni, yaani 12, dazeni ya waoka mikate wa Uingereza, ambayo ni 13 kwa bei ya 12, na korija, yaani 20. Mfano wangu ni skonzi kwa sababu ndiyo kazi niijuayo, lakini anayefunga sabuni za kipande, madaftari au vikombe atajiona humu pia.

Vigezo

Kabla ya kuanza kusifia, tukubaliane tunapima nini.

- Ilikotoka: idadi hii ilizaliwa na shughuli gani.
- Kugawa: inakatika mafungu mangapi bila kubakiza.
- Pesa: bei ya mfuko na bei ya kimoja zinasomana kwa shilingi zetu, au mtu atadai senti ambazo hazipo.
- Kupanga: inakaaje kwenye boksi au trei.
- Kuhesabu: mtu aliyeamka saa tisa usiku ataihesabu bila kukosea?
- Nani anafaidi: mwokaji, mchuuzi wa kati au mlaji. Kigezo hiki wengi hukisahau, na ndicho kinacholeta maneno baadaye.

Kumi

*Ilikotoka.* Tazama mikono yako. Kiswahili chenyewe kinahesabu kwa makumi. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, ishirini, thelathini na ndugu zao vilevile, lakini mpango ulibaki ule ule wa kufika kumi na kuanza upya. Wazee waliosema kenda badala ya tisa nao walifika kumi hiyo hiyo.

Jaribio kubwa la kuifanya kumi itawale kila kitu lilikuwa la Wafaransa. Wakati wa mapinduzi yao, mwaka 1793, waliamua siku iwe na saa 10 na kila saa iwe na dakika 100. Watu hawakuelewana na saa hizo. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795, ile ile iliyoleta mita, lita na gramu, ndiyo iliyozisimamisha. Na hata walipokuwa moto kabisa na makumi yao, mwaka waliuacha na miezi 12. Kumi ilishinda dukani, ikashindwa ukutani.

*Pesa.* Hapa kumi haina mshindani. Skonzi moja ni 250, mfuko ni 2,500. Unaongeza sifuri basi. Mtoto aliyetumwa dukani anaweza kukagua hesabu yako akiwa njiani. Shilingi yetu ilizaliwa hivyo: shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilikuwa na senti 100, wakati shilingi ya Waingereza walioileta ilikuwa na peni 12. Walitupa jina la pesa yao bila hesabu yake. Kumbuka jambo hili, maana linarudi kwenye dazeni.

*Kugawa.* Nusu yake ni tano, na sehemu ya tano yake ni mbili. Imeishia hapo. Theluthi haipatikani, robo haipatikani. Kwa nyumba ya watu watatu, wanne au sita, mfuko wa kumi unaleta mjadala.

*Kupanga.* Mbili kwa tano, basi. Boksi linakuwa refu na jembamba, na ukilibeba kwa mkono mmoja katikati linapinda.

*Kuhesabu.* Kiganja na kiganja. Wengi wetu huchukua mbili mbili mara tano, na kosa likitokea linaonekana haraka.

*Nani anafaidi.* Kumi haina upande. Ukitaka kumpa mchuuzi punguzo, lazima ulitamke kwa pesa: mfuko wa 2,500 umpe kwa 2,200. Wengine wanaupenda uwazi huo. Ubaya wake ni kwamba punguzo lililotamkwa leo kesho linageuka haki, na keshokutwa mwenzake aliyesikia anadai na yeye.

Kumi inawafaa wanaouza kwa ofisi, shule au yeyote anayelipa kwa risiti na kujumlisha mwisho wa mwezi.

Dazeni

*Ilikotoka.* Neno limesafiri: duodecim la Kilatini likawa douzaine la Kifaransa, Waingereza wakalifupisha, sisi tukalipa irabu ya mwisho. Lakini kumi na mbili yenyewe ilikuwa pwani kabla ya neno hilo kushuka bandarini. Wazee wa pwani walisema thenashara, kutoka Kiarabu, na 13 wakaiita thelatashara. Na saa yetu ni ya thenashara hadi leo. Jua likitua ni saa kumi na mbili. Baada ya hapo unaanza upya na saa moja usiku. Wamisri wa kale nao waliugawa mchana mafungu 12 na usiku mafungu 12. Juu mbinguni mambo ni yale yale: mwezi ukiandama mara 12, zimepita siku 354 hivi, karibu mwaka mzima wa jua.

Mkononi je? Wengi hudhani mkono hauwezi kuhesabu zaidi ya vidole vyake. Nyosha kiganja cha kushoto, acha dole gumba litembee juu ya pingili za vidole vinne vilivyobaki. Kila kidole kina pingili tatu, na tatu mara nne ni 12. Kila dazeni ikijaa, kunja kidole kimoja cha mkono wa pili. Vikiisha vitano umefika 60. Njia hii bado inatumika katika sehemu za Asia, na wapo wanahistoria wa hesabu wanaoihusisha na 60 ya Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, ile iliyotuachia dakika 60 katika saa. Nigeria, kwenye uwanda wa Jos, Waberom hesabu yao ya asili imejengwa juu ya 12, kwa hiyo mtu asikwambie kwamba dazeni ni ya Ulaya peke yake.

Warumi walihesabu kwa makumi, lakini ilipofika kwenye vipande waligeukia 12. Sehemu moja ya kumi na mbili waliiita uncia. Humo ndimo zilimotoka aunsi na inchi, na ndiyo maana futi ya fundi seremala ina inchi 12. Naona mantiki yao: kuhesabu ni kazi moja, kukata vipande ni kazi nyingine, na kila kazi ina kisu chake.

*Kugawa.* Hiki ndicho kisu chenyewe. Nusu ni 6, theluthi ni 4, robo ni 3, sehemu ya sita ni 2. Yule mama wa watoto wanne akawa anatoa tatu tatu na kelele zikaisha. Sikiliza pia lugha ya dukani: watu husema "nipe nusu dazeni" bila kufikiri. Sijawahi kumsikia mtu akisema "nipe nusu kumi."

*Pesa.* Hapa dazeni inachechemea, na sababu nimeshaigusa. Uingereza, dazeni na shilingi zilikuwa mume na mke. Kwa kuwa shilingi ilikuwa na peni 12, kitu kilichouzwa shilingi moja kwa dazeni kilikuwa peni moja kwa kimoja. Shilingi tatu kwa dazeni, peni tatu kwa kimoja. Mwenye duka hakuhitaji karatasi. Ndoa hiyo ilivunjwa tarehe 15 Februari 1971, Waingereza walipohamia pauni ya peni 100. Kwetu dazeni ilifika mjane tangu mwanzo. Ukiipanga dazeni kwa 2,500, kimoja kinakuwa 208 na vijisenti, na hapo kila muuzaji atabuni bei yake. Dawa ni kupanga bei ya dazeni inayogawanyika kwa 12 bila taabu: 2,400 kwa 200, 3,000 kwa 250, 3,600 kwa 300. Bei za katikati zisahau.

*Kupanga.* Tatu kwa nne, mbili kwa sita, au matabaka mawili ya mbili kwa tatu. Boksi la tatu kwa nne linakaribia mraba, halipindi, na linapangika juu ya lenzake. Kreti la soda lenye chupa 24 ni dazeni mbili, nne kwa sita. Dazeni 12 ni grosi, vitu 144, na wauza vifungo na penseli wa jumla wanaijua vizuri.

*Kuhesabu.* Kwa vidole vilivyokunjwa ni kazi. Kwa pingili ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Mkono wa kulia unatupia skonzi mfukoni, dole gumba la kushoto linatembea. Ilinichukua kama siku tatu kuzoea. Anayefunga kwenye trei hana haja hata ya hilo, jicho linaona safu tatu za nne.

*Nani anafaidi.* Mlaji wa mwisho, hasa mwenye familia. Mchuuzi hapati chochote cha ziada isipokuwa umempunguzia bei.

Dazeni inafaa kwa bidhaa inayokwenda moja kwa moja mezani, na kwa seti: sahani, glasi, vijiko.

Dazeni ya waoka mikate: 13 kwa bei ya 12

Hii nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayosimuliwa vibaya kuliko zote.

*Ilikotoka.* Uingereza ya enzi za Mfalme Henry III kulikuwa na sheria ya mkate na bia, ambayo kwa kawaida huwekwa mwaka 1266. Ilifunga uzito wa mkate kwenye bei ya ngano, kwa namna ambayo kwetu inaeleweka mara moja. Bei ya mkate haikuguswa. Mkate wa peni ulibaki wa peni. Ngano ikipanda, mkate wa peni unapungua uzito, ikishuka, unanenepa. Maandazi ya mtaani kwetu yanafuata kanuni hiyo hiyo bila sheria yoyote: unga ukipanda, andazi la mia linabaki la mia, ila linazidi kufanana na kaimati.

Tofauti ni kwamba kule uzito ulikaguliwa. Mwokaji aliyekutwa na mikate iliyopungua alitozwa faini, na akirudia aliweza kufungwa kwenye mkatale hadharani, shingo na mikono ndani ya ubao, watu wakipita na kumtazama. Sasa fikiria anafanya kazi na tanuri la kuni lisilo na kipimo cha joto, na donge linalopoteza maji likiiva. Mikate miwili iliyokatwa sawa inatoka na uzito tofauti. Anayeoka anajua. Ndipo linapokuja simulizi maarufu: kwa kuogopa adhabu, mwokaji aliongeza mkate wa kumi na tatu ili dazeni nzima isipungue.

Hofu hiyo ilikuwepo kweli, ila haielezi yote. Ipo sababu ya pili, na mimi naiona nzito zaidi. Mikate mingi haikuuzwa na mwokaji mwenyewe. Ilichukuliwa na wachuuzi, wengi wao wanawake, wakaizungusha nyumba hadi nyumba. Bei ilikuwa imefungwa na sheria, mchuuzi hakuruhusiwa kupandisha. Akinunua 12 kwa bei ya 12 na kuuza 12 kwa bei ile ile, miguu yake imetembea bure. Mkate wa kumi na tatu ndio uliokuwa ujira wake. Hakuna aliyevunja sheria, hakuna bei iliyopanda, na kila mtu alikula.

Kufikia mwisho wa karne ya 16 msemo wenyewe wa dazeni ya mwokaji ulikuwa umeshaingia kwenye maandishi ya Kiingereza. Sheria ya kupanga uzito wa mkate ilifutwa London mwanzoni mwa karne ya 19 na sehemu nyingine za Uingereza mwaka 1836. Msemo umeishi kuliko mkatale.

*Pesa.* Tufanye hesabu. Skonzi ni 200 rejareja. Mchuuzi analipa 2,400 kwa mfuko, anauza 13, anapata 2,600. Faida yake ni 200, sawa na asilimia 8.3 ya alichotoa mfukoni. Wewe umempa bidhaa moja kati ya 13, yaani asilimia 7.7 ya mfuko. Lakini hiyo moja hukuitoa kwa 200. Umeitoa kwa gharama ya unga, mafuta na mkaa wake, pengine nusu ya hiyo. Yeye amepokea thamani ya 200, wewe umetoa chini ya hapo. Punguzo la pesa taslimu halina uzuri huu: shilingi 200 uliyoipunguza ni shilingi 200 kamili iliyotoka kwako.

Tahadhari moja: faida ya mchuuzi imo ndani ya kipande cha mwisho. Asipomaliza mfuko, hajapata kitu. Bidhaa yako ikiwa inalala, 13 ni ahadi hewa.

*Kugawa.* Hovyo kabisa. Kumi na tatu ni namba tasa, na jina hilo la darasani linaifaa: haizai nusu, haizai theluthi, haizai chochote. Lakini haikuumbwa igawiwe. Kumi na mbili zinagawiwa, moja inawekwa pembeni.

*Kupanga.* Kwa vitu vya mraba ni mateso. Kwa vitu vya mviringo kuna ujanja: safu ya nne, ya tano, kisha ya nne, kila safu ikikaa kwenye mabonde ya jirani yake. Skonzi zikipangwa hivyo kwenye trei zinabanana vizuri.

*Kuhesabu.* Unahesabu dazeni, unafumba mfuko, unafumbua, unatupia moja. Naomba uifanye hivyo hivyo. Ukijaribu kuhesabu hadi 13 kwa mfululizo, siku moja utaweka 12 na siku nyingine 14, na mchuuzi atazikumbuka zile za 12 tu.

*Nani anafaidi.* Mtu wa kati. Ndiyo maana nasema isichanganywe na ile "niongezee" ya sokoni, ambapo mlaji anabembeleza kitunguu kimoja juu ya fungu. Isichanganywe pia na lumbesa. Mkulima anayejaziwa gunia mpaka likaota kilemba naye anatoa ziada, lakini ziada yenyewe haina idadi, haikuandikwa popote, na anayeamua ni mwenye gari. Wakala wa Vipimo Tanzania imepigana nayo miaka mingi. Kipande cha kumi na tatu kinajulikana kabla gari halijafika. Pande zote mbili zinaweza kukihesabu.

Kuhusu nuksi ya 13: Warusi huiita dazeni ya shetani, na wapo wateja wa kwetu walioipokea imani hiyo kwenye filamu. Mimi nimekutana na mmoja tu, na alichukua ile ya kumi na tatu akaila palepale.

Korija

*Ilikotoka.* Vijana wengi hawalijui neno hili, na inasikitisha. Korija ni vitu ishirini. Ni neno la biashara ya Bahari ya Hindi. Wareno wana corja yao kwa maana hiyo hiyo, na vitambaa vya India viliuzwa kwa hesabu hiyo. Kwenye pwani yetu mahali pake pa heshima palikuwa miti ya mikoko. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila unene kwa jina lake, zilikatwa Lamu na delta ya Rufiji, zikafungwa kwa korija na kupakiwa majahazini kwenda Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje mwaka 1982.

Ishirini yenyewe ni vidole vya mikono na miguu, na haikuwa ya pwani tu. Wamaya wa Amerika ya Kati waliijengea hesabu yao yote, Wayoruba wanayo, na Mfaransa hadi leo akitaja 80 anasema "ishirini nne."

*Kugawa.* Nusu, robo, sehemu ya tano, sehemu ya kumi. Yule wa watoto wanne anapata tano tano. Theluthi ndiyo haipo. Kwa idadi ya migao, korija ni sawa na dazeni, ila yenyewe ni kubwa zaidi.

*Pesa.* Inasomana na shilingi: kimoja 250, korija 5,000, noti moja mkononi.

*Kupanga.* Nne kwa tano, boksi zuri. Tatizo ni uzito na joto. Skonzi 20 za moto kwenye mfuko mmoja zinatoa jasho na za chini zinabondeka. Kwa sabuni, fito au vitenge haina shida.

*Kuhesabu.* Nne nne mara tano. Haraka, lakini ukipotea katikati unamwaga zote uanze upya.

*Nani anafaidi.* Msafirishaji na mnunuzi wa jumla. Mifuko inapungua, kuhesabiana kunapungua. Mlaji wa kawaida hana habari nayo.

Ukiwa hivi, fanya hivi

Ukiwa unapeleka kwenye genge au duka ambalo mwenyewe huuza moja moja, na bei ya rejareja mtaani inajulikana kiasi kwamba hawezi kuipandisha, fikiria 13 kwa 12. Hali yako na ya mwokaji wa London zinafanana. Hakikisha tu bidhaa inaisha siku ile ile. Kama genge linabaki na skonzi tatu nne kila jioni, mpe punguzo la pesa badala yake.

Ukiwa unauza mlangoni kwa familia, dazeni, pamoja na mifuko ya nusu dazeni pembeni. Chagua bei inayokatika kwa 12 kabla hujachapisha lebo. Nimeona mtu akichapisha lebo mia tano kwanza.

Ukiwa na oda ya shule, ofisi au kanisa inayolipwa kwa ankara, kumi. Anayekagua ankara hatakuita kuuliza.

Ukiwa na shughuli ya harusi au hitima, idadi ya mfuko haina maana sana. Uliza sinia moja linakaliwa na watu wangapi, kisha funga idadi inayogawanyika kwa hao. Sinia la wanne au la sita, dazeni. Sinia la watano, korija au kumi.

Ukiwa unasafirisha mkoa hadi mkoa kitu kisichobondeka, korija. Andika "vipande 20" kwenye boksi, maana anayepokea huenda halijui neno. Na kwa idadi yoyote utakayochagua, kilichoandikwa juu kiwe ndicho kilichomo ndani. Ukiweka 13, andika 12 na nyongeza 1, ili siku ukiiondoa nyongeza usionekane mwizi.

Ukiuza mayai, sahau zote nne. Trei ni 30, tano kwa sita. Trei ilishaamua kwa niaba yako, na kwa kweli iliamua vizuri: 30 ina nusu, theluthi, sehemu ya tano na sehemu ya sita.

Mwenye wateja wa aina mbili asijilazimishe idadi moja. Mimi sasa nafunga dazeni kwa majirani, na wachuuzi wawili wanaotembeza stendi nawawekea ya kumi na tatu juu. Kumi niliiacha kabisa, mpaka mwezi uliopita. Yule mama wa watoto wanne amejifungua wa tano. Bado ananyonya, hajui skonzi ni nini, lakini mifuko ya kumi nimeshaitoa kabatini.